Hamisheni mkanda kwanza

Biti feki. Ndiyo sababu utakayopewa karibu kila karakana, kuanzia Korogwe mjini hadi Chanika, Handeni. Tundu halijafika nusu, biti imegeuka rangi ya buluu, na lawama zimeshapelekwa China.

Biti mbovu zimejaa sokoni, hilo hatubishi. Lakini hata biti nzuri itaungua ikizungushwa hivyo mnavyoizungusha. Fungueni kifuniko cha juu cha drili ya mezani. Mle ndani kuna puli za ngazi na mkanda, na ngazi hizo ziliwekwa ili mwendo ubadilishwe. Kwenye mashine nyingi mkanda umekaa ngazi ya kasi tangu siku ulipofungwa. Tundu la milimita 4 kwenye bati na tundu la milimita 14 kwenye springi ya lori yanatobolewa kwa mwendo uleule. Kisha tunashangaa.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Biti ya milimita 10 ina mzingo wa milimita 31 na ushee. Drili ya mkono huzunguka karibu mara 2,800 kwa dakika, kwa hiyo ukingo wa biti unakwenda mita 88 kwa dakika. Stenlesi, kwa biti ya haisipidi, inataka mita 10 hadi 15 tu, yaani mizunguko kama 400. Mnaizidisha zaidi ya mara sita.

Na kasi haisamehe. Mmarekani Frederick Taylor alikata vyuma kwa miaka 26 akitafuta jambo hili, akatoa matokeo yake mwaka 1906. Kwa kanuni yake, ukiongeza mwendo mara mbili, umri wa kisu cha haisipidi hauishii nusu: unapungua mara 100 na zaidi. Taylor huyohuyo aligundua kwamba kumwaga maji mengi pale kisu kinapokatia kunaruhusu mwendo mkubwa zaidi. Zaidi ya karne imepita, na bado kuna fundi anayetoboa stenlesi kavukavu, moshi ukimpanda usoni.

Joto ndilo adui. Stenlesi hupitisha joto takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto halina pa kukimbilia ila kwenye ncha ya biti. Titani ni mbaya zaidi: aina inayotumika kwenye ndege hupitisha joto karibu mara saba pungufu ya chuma. Wanaochonga titani wameshakubali yale ambayo sisi tunayakwepa: nenda polepole, kandamiza kwa uhakika, mwaga maji bila ubahili, na usiache kisu kisugue.

Kusugua ndiko kunakoua kimyakimya. Fundi anaogopa kuvunja biti, anaigusisha tu. Biti inafanya kama jembe butu kwenye udongo mkavu wa Septemba: inang'arisha, haichimbi. Stenlesi ikisuguliwa hivyo inakomaa palepale, na biti inayofuata inakutana na ukuta uliojengwa na ile ya kwanza. Kandamiza hadi nyuzi za chuma zitoke ndefu. Ukiona unga, simama, noa.

Karakana za mashamba ya mkonge zina hoja ya ziada. Maji ya mkonge yana asidi, yanakula chuma cha kawaida, kwa hiyo stenlesi na shaba nyeusi hazikwepeki kwenye korona, ile mashine ya kusindika majani ya mkonge. Anayechonga sehemu hizo kwa mashine ya milingi asizamishe kisu upana wake wote kwa mkupuo mmoja. Achukue upana mdogo pembeni, ashuke kina zaidi, arudie. Kisu kiingie kwenye nyama nene na kutokea kwenye nyembamba, ili kisianze kwa kusugua. Ila kama skrubu ya meza ya mashine ina mchezo, njia hiyo itavuta kazi na kuvunja kisu. Ondoeni mchezo kwanza. Wengi wanaujua mchezo huo kwa miaka, wanaupigia hesabu badala ya kuukaza.

Kwa wanaokata nyundo za mashine za kusaga kutoka kwenye springi: kwa nini mnatoboa springi ikiwa ngumu? Ichomeni hadi iwe nyekundu, izikeni kwenye majivu ipoe usiku kucha, toboeni asubuhi. Baadaye rudisheni ugumu kwa moto na oili, kisha ilegezeni kidogo kwa moto mdogo, isije ikapasuka ndani ya mashine na kumrukia mtu. Ni kazi ya usiku mmoja ambao mngelala hata hivyo.

Wenye karakana nao wasijifiche. Kijana anatoka chuoni na hesabu ya mwendo kwenye daftari, anaiacha mlangoni kwa sababu bosi anataka kazi iishe kabla mteja hajamaliza chai. Dakika mbili za kuhamisha mkanda zinaonekana hasara, biti tatu kwa wiki hazionekani. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, tangu 1994. Kwao, kuchapa jedwali la ukurasa mmoja lenye aina ya chuma, kipenyo cha biti na ngazi ya mkanda hakuhitaji mradi wala semina. Libandikeni juu ya kila drili, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka kwenye vumbi.

Na kama halijafika, liandikeni wenyewe kwa chaki.