Kilele Si Mlima

“Ulifika kileleni?” Ndilo swali la kwanza analoulizwa kila anayeshuka Kilimanjaro. Akijibu hapana, anapewa pole kana kwamba amefiwa. Imani kwamba asiyekanyaga kilele cha Uhuru, mita 5,895, hajapanda mlima, ni potofu, tena inatunyima Watanzania mlima wetu wenyewe.

Kwa ajili ya imani hiyo watu wanapanda mbiombio na kuteremshwa kwa machela, vichwa vikiwauma na pumzi zimewaishia. Wengi zaidi hawaendi kabisa. Wanaamini mlima ni wa mwenye mamilioni na wiki nzima ya likizo.

Nendeni Marangu. Kutoka lango la hifadhi hadi vibanda vya Mandara, kwenye mita 2,700 hivi, ni mwendo wa saa tatu au nne, na unarudi siku hiyohiyo. Mwenye afya ya kawaida anaumudu. Njia inapita msituni jirani na kijito, na maji unayasikia kabla hujayaona. Inama kwenye udongo mweusi wa kingoni: pameota ua dogo jekundu lenye mkia uliopinda, Impatiens kilimanjari. Halioti porini popote duniani ila kwenye mlima huu. Juu yako mbega wanaruka. Ukiipita Mandara kwa robo saa, miti inapungua, unatokea kwenye nyasi na maua ya kreta ya Maundi, Kibo, sehemu ya juu ya mlima yenye theluji, ikiwa mbele yako.

Wapo wanaosema utamu wote uko kwenye theluji, na maji yetu pia yanatoka huko. Hapana. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha ukanda wa msitu. Kibo kwenyewe ni karibu jangwa. Msitu unaonasa mvua na ukungu ndio unaolisha mito, mifereji ya Wachagga iitwayo mifongo, na Mto Pangani unaozungusha mitambo ya umeme. Theluji ikipungua tunalia. Moto ukiula msitu kutoka juu, wangapi wanashtuka?

Hatuwezi kutetea tusichokijua. Kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni, na waongozaji wapo. Walimu na wazazi wa Moshi, Rombo, Arusha na kwingineko, likizo ijayo wapelekeni watoto hadi Mandara. Waonyesheni yanakotoka maji wanayokunywa, na wakirudi nyumbani wahesabiwe kuwa wamepanda Kilimanjaro.