Mvua inasingiziwa: freni zinazokamata Kibati ni uzembe wa wenye gari

Kila mvua ikinyesha Kibati, maelezo ni yale yale. Gari inateremka kuelekea Goma, shofere anakanyaga freni, gurudumu moja linakamata na kukataa kuzunguka, gari inajivuta upande ambako watu wanatembea. Wakaaji wakiuliza, wanajibiwa kwamba ni mvua. Mvua haijawahi kununua gari wala kuipeleka garaji.

Ni kweli, gari iliyolala nje kwenye mvua inaweza kukamata asubuhi mara moja au mbili, maana kutu nyepesi imeota ndani ya tamburi. Ukikanyaga polepole mara chache, inaisha. Lakini ikiendelea kukamata hadi Kanyaruchinya, huo ni ugonjwa uliokuwamo tangu kiangazi. Vumbi jeusi la volkeno limejaa ndani ya tamburi, na maji yakiingia linakuwa tope. Au mafuta yanavuja juu ya ngozi ya freni. Au kebo ya freni ya mkono imeota kutu, hairudi. Na matairi yaliyoisha meno? Hayo yanateleza hata freni zikiwa nzima, kisha fundi analaumiwa bure.

Kupima hakudai mashine. Gari isimame mahali tambarare, mawe chini ya magurudumu mengine, vitesi iwe huru, freni ya mkono iachwe. Inua gurudumu, mtu akanyage freni na kuachilia, kisha lizungushwe kwa mkono. Likiwa gumu, fungua kidogo skrubu ya kutolea hewa. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilifungiwa ndani: tazama mpira wa freni uliovimba kwa ndani, au pompi kubwa. Likibaki gumu, shida ni ya vyuma: springi, kebo, pistoni iliyoshika kutu. Dakika chache tu.

Badala yake, kuna wanaobana bomba la gurudumu linalokamata ili lisipate freni kabisa, na gari inarudi kupakia watu. Hiyo si dawa. Freni zikibaki upande mmoja, gari inapinda zaidi kwenye barabara yenye maji. Fundi anayekubali kazi hiyo ana hatia sawa na tajiri anayeiagiza, hata kama tajiri ndiye anayedai pesa ya siku kila jioni na kukataa gari kulala garaji. Wanaosimamisha gari barabarani nao wanaangalia karatasi. Gurudumu hakuna anayeligusa.

Mwenye chukudu, anayefunga mwendo kwa kukanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, anakitazama mpira wake kabla ya kuteremka. Anajua ukilowa haushiki vizuri.

Wanaotembea pembeni ya barabara hii, wengi ni mama, wana bidoni mgongoni na watoto mkononi. Kushoto kwao ni mawe ya lava, hakuna pa kurukia. Abiria anayeona gari inavuta upande mmoja aseme hapo hapo, ashuke, na adai nauli yake irudishwe.