Nguluvi si Neno la Kuonea Haya

Wapo miongoni mwetu wanaoona kuwa neno la Kibena halifai kutamkwa kanisani. Bibi akisali kwa kumtaja Nguluvi, vijana hucheka chinichini, kana kwamba Mungu anajua Kiswahili na Kilatini tu. Sisi mafrateri wa falsafa hatukubali, na ushahidi wetu ni maneno yenyewe.

Kanisa tumelipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu. Mzizi wake ni kukusanyika. Askofu nalo limepitia Uarabuni, ila asili yake ni Kigiriki, episkopos, yaani msimamizi. Padre ni la Wareno. Hata falsafa inayotuumiza vichwa ni Kigiriki kilichovaa kanzu: kupenda hekima. Parokia, kwa Kigiriki, hubeba maana ya kukaa ugenini. Hapa Makambako, njia panda ya Iringa, Mbeya na Songea, ambako kila benchi lina mtu aliyehamia, neno hilo limefika kwa wenyewe.

Na Mungu? Hilo ni la Kibantu, ndugu wa Mulungu. Lilikuwapo kabla ya mmisionari wa kwanza, na Kanisa halikuona haya kulitumia. Kwa nini tumwonee haya Nguluvi?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungulia mlango lugha za watu tarehe 4 Desemba 1963. Kwetu aliingia Kiswahili, na ni vema abaki, kwa kuwa ndiye anayewaweka Mbena, Mkinga na Mhehe katika Misa moja. Tunachodai ni kidogo zaidi: daftari. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitoa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939, baada ya miaka mingi ya kusikiliza watu wa pwani. Kibena nacho kinastahili uvumilivu huo, maana wazee wenye maneno ya ndani tunawazika kila mwaka.

Likizo ijayo kila frateri aandike maneno ishirini ya nyumbani kwao, kwanza yale ya sala, maradhi na msiba. Siku moja ataitwa usiku kutoa Mpako wa Wagonjwa kwa bibi ambaye Kiswahili kimekwisha kumtoka, amebakiwa na Kibena tu. Atamjibu nini?