Kondoo Hunyonyolewa Pia

Mwanafunzi wa Kilimani akiandika katika insha kwamba kondoo "amenyonyolewa", haikosi mwalimu atalipiga neno hilo mstari mwekundu na kuandika pembeni: kuku! Nadhani mwalimu huyo anakosea. Kunyoa kwahitaji wembe au mkasi. Kunyonyoa ni kazi ya vidole. Na wapo kondoo wanaovunwa kwa vidole.

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, sufu kuukuu ya kondoo wa kienyeji hulegea baridi inapokwisha, mpya ikichipuka chini yake. Mfugaji huing'oa kwa mkono, konzi kwa konzi, na mnyama hadhuriki. Akifanya pupa kabla haijalegea, humtesa bure.

Kwetu pia yapo. Kondoo aina ya dopa, aliyezalishwa Afrika Kusini na kuenezwa Kenya tangu miaka ya 1970, manyoya yake hunyonyoka yenyewe. Yule mwekundu wa Kimaasai, anayeonekana hata kandokando ya barabara za Nairobi nyakati za ukame, ana singa fupi tu. Ajabu ni kwamba wasomi wetu wakitaka kuyaeleza haya hukimbilia Kiingereza, ilhali kunyonyoa na kunyonyoka vimo vinywani mwa kila mpishi. (Sufu yenyewe tuliichukua kwa Waarabu, wala hatukuona haya.)

Kamusi kutoa mfano wa kuku si kumfungia kondoo mlango. Watungaji wa vitabu vya shule na waongeze mfano wa pili.