PAMPASI YENYE LOSHENI NI UVUMBUZI, UA LA USAMBARA NI LA BURE?

Kijana mwenzangu wa Lushoto, wewe unayehangaika na mitumba Kariakoo, hebu nikuulize. Bibi yako alipokuwa akimpaka mjukuu mafuta ya nazi kabla ya kumfunga nepi ili asichubuke, alikuwa mvumbuzi?

Usicheke. Mwaka 1997 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi peke yake, kwa pampasi iliyopakwa losheni. Hoja ya mabwana hao ni kwamba losheni yao huganda juu ya nepi bila kuzama ndani, kisha huhamia kwenye ngozi ya mtoto. Huko Ulaya makampuni ya nepi hayakulala. Yamekabana koo mbele ya Ofisi ya Hataza: je, hili ni jambo jipya kweli, au fundi yeyote angelifikiria? Matajiri wanajua kuwa hataza isiyopingwa ni lango lililofungwa miaka 20, ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja.

Sasa panda nami milimani. Katika misitu yetu ya Usambara huota ua liitwalo Impatiens usambarensis. Kampuni ya Syngenta ya Uswisi ikalichanganya na ua jamaa yake, ikachukua hataza ng'ambo, ikauza kwa jina la Spellbound. Mwaka 2006 wanaharakati wakaanika jambo hilo katika ripoti yao, "Out of Africa". Wanaharakati! Serikali ilikuwa wapi?

Wapambe wa watawala watasema hataza ya Marekani haitufungi hapa. Kweli kabisa. Lakini wasitufiche mlango wa pili. Shirika la ARIPO, lenye makao yake Harare, hutoa hataza zinazoweza kuingia Tanzania, maana tumo katika Itifaki ya Harare. Itifaki hiyo hiyo inaipa serikali yetu miezi 6 ya kusema: huu si uvumbuzi, kwetu haupiti. Silaha tunayo, jamani. Nani anaishika?

Basi BRELA, wanaosimamia hataza Bara, watutangazie mambo mawili tu. Ni maombi mangapi yaliyopitia Harare wamewahi kuyakataa? Na nani anayeyasoma kabla muda haujaisha? Kama wamekataa yaliyostahili kukataliwa, tutawapigia makofi. Wakinyamaza, tutajua.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya maua na vitoto vichanga. Kesho kijana wa Soni akitaka kuanzisha kiwanda kidogo cha pampasi, anaweza kuambiwa kazi ya mikono yake ina mwenyewe, tena mwenyewe yuko ng'ambo. Wenzetu hupingana wao kwa wao mpaka kieleweke. Sisi tunapiga mihuri na kusubiri chai.

Tuulize sasa, kabla hatujauziwa mafuta ya bibi yetu.