Mtoto wa Kilwa Katika Chumba cha Dharura

Jioni mtoto wa miaka miwili alikuwa akicheza uani. Usiku homa ikapanda, na kabla ya alfajiri mwili ukakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka mdomoni. Bibi yake akasema ni degedege. Ikiwa familia hiyo inaishi Songo Songo, ni lazima kwanza kitafutwe chombo, na kama ni majira ya kusi bahari imechafuka, nahodha naye ana lake la kusema. Ikiwa inaishi Pande au Njinjo, itatafutwa pikipiki. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha katika vijiji vya Kilwa anaijua safari hiyo, kwa kuwa mara nyingi ni yeye aliyeamshwa ili aazimwe tochi, simu au nauli.

Safari hiyo huishia Kivinje. Makao makuu ya wilaya yapo Masoko, lakini Hospitali ya Wilaya, Kinyonga, imo Kilwa Kivinje, mji ule wa kale uliojaa minazi na magofu ya Wajerumani. Ikishindikana hapo, rufaa ni Hospitali ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, ambako kutoka njiapanda ya Nangurukuru ni zaidi ya kilomita 150. Mbele zaidi ipo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo, Mtwara, na kaskazini ipo Muhimbili. Kwa mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari imemshuka mwilini, hizo zote ni mbali. Uhai wake utaamuliwa katika nusu saa ya kwanza, mahali pale anapopokelewa.

Swali basi ni hili: je, chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya kimeandaliwa kumpokea mtoto, au kimeandaliwa kumpokea mtu mzima, na mtoto naye akapenyezwa humo humo?

Swali hili haliulizwi kwa nia ya kubeza yaliyofanyika. Mwaka 1999, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Takwimu za mwaka 2022 zilionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hilo si jambo dogo. Chanjo, vyandarua, dawa mseto na zahanati zilizojengwa chini ya Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 vimefanya kazi kubwa. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali za umma, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2021 Serikali ilipopata shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya.

Lakini jengo ni kuta. Katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 61,741,120, na zaidi ya 4 kati ya kila 10 wakiwa chini ya miaka 15, chumba cha dharura kisichomfikiria mtoto kimemsahau karibu nusu ya taifa.

Na kumfikiria mtoto hakumaanishi kuchora twiga ukutani. Kunaanza na mizani. Dawa ya mtu mzima aghalabu hutolewa kwa mazoea. Dawa ya mtoto hutolewa kwa uzito. Sindano ya artesuneti, ambayo ndiyo tiba ya malaria kali, hutolewa miligramu 3 kwa kila kilo ikiwa mtoto hajafikia kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo akishazifikia. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 30, yaani nusu ya kichupa cha miligramu 60. Muuguzi asiye na mizani karibu atakisia, na kukisia uzito wa mtoto aliyebebwa ndani ya kanga, saa tisa za usiku, ni bahati nasibu. Baada ya mizani zinakuja sindano nyembamba za mishipa midogo, mfuko wa kupulizia hewa na barakoa zenye ukubwa wa uso wa mtoto, mipira myembamba ya oksijeni, kifaa cha kupima oksijeni kwenye kidole kidogo, na kipimo cha sukari. Vifaa hivi havina fahari. Hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe mbele ya boksi la sindano ndogo, na pengine ndiyo sababu husahauliwa katika orodha za manunuzi.

Jambo la pili ni foleni. Jirani wa kusini, Malawi, ana somo ambalo kila mganga mkuu wa halmashauri angefaa kulisoma. Katika hospitali kuu ya Blantyre watoto walikuwa wakisubiri kwa mpangilio wa kufika, na baadhi walikata roho wakiwa mgongoni mwa mama zao kabla ya zamu yao kuitwa. Mwaka 2001 wakabadilisha mpangilio. Wahudumu walifundishwa kumtazama kila mtoto mara afikapo na kumweka katika moja ya makundi matatu: wa dharura, wa kutangulizwa, na awezaye kungoja. Chumba cha matibabu ya haraka kikasogezwa karibu na mlango. Vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya 10 na 18 katika kila 100, vilishuka hadi kati ya 6 na 8. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilikuwa utaratibu, na utaratibu huo hauhitaji shahada. Hata mlinzi wa lango anaweza kufundishwa kwamba mtoto anayehema kwa shida, asiyeamka, au anayetetemeka kwa degedege, hapangwi foleni.

Degedege yenyewe inastahili kusemwa zaidi. Tangu zamani pwani yote iliaminika kwamba ugonjwa huo huletwa na ndege wa usiku, na kwamba mtoto mwenye dege akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo mama humpeleka kwanza kwa mganga, akafukizwe moshi wa mavi ya tembo, na hospitali huja baadaye, wakati mwili umekwisha kulegea. Ni rahisi kwa msomi kumcheka mama huyo. Lakini imani hiyo ilipata chakula chake wapi? Ilikipata kwa watoto waliofikishwa wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa saa ile ile mbele ya jamaa zao. Mtoto mmoja akipona katika chumba cha dharura, akarudi kijijini akicheza, huyo atahubiri kuliko mikutano kumi ya uhamasishaji. Na mama aliyefokewa mlangoni kwa kuchelewa, mwakani atachelewa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu wakubwa, yasubiri madaktari bingwa wafike Kilwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Jirani wa kaskazini wa Kilwa ni Rufiji, na ni huko, pamoja na Morogoro Vijijini, ambako kuanzia mwaka 1997 watabibu na wauguzi wa zahanati walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu homa peke yake. Watafiti walipolinganisha na Kilombero na Ulanga, walikuta vifo vya watoto chini ya miaka 5 viko chini kwa asilimia 13. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumishi wa kawaida wa wilaya.

Wala haifai kudhani kwamba kila kifanyikacho Ulaya kikiletwa hapa kitamfaa mtoto wa hapa. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na katika Hospitali ya Teule, Muheza, uliwahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, ukiwaacha kando walioishiwa maji kwa kuharisha. Wengine waliongezewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoelekeza. Wengine hawakuongezewa kwa haraka. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: kati ya 10 na 11 katika kila 100, dhidi ya 7. Muheza si mji mkubwa, lakini elimu iliyotoka huko ilitikisa vitabu vya dunia. Ni aibu basi ikiwa tabibu wa pwani hiyo hiyo hajapata kuisikia.

Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, watoto wengi hutibiwa dharura katika hospitali za kawaida. Mwaka 2013 hospitali zaidi ya 4,000 za nchi hiyo zilipimwa utayari wao kwa watoto, na hospitali ya katikati ilipata alama 69 tu kwa 100. La kuzingatia ni kwamba zile zilizokuwa na daktari na muuguzi walioteuliwa kusimamia mambo ya watoto katika dharura zilipata alama za juu kuliko zisizokuwa nao. Kwa maneno mengine, jambo lisilo na mwenyewe hufa. Hospitali ya wilaya ikimteua muuguzi mmoja, kwa jina na kwa barua, awe ndiye anayekagua kila asubuhi kama mizani ipo, kama barakoa ndogo zipo, kama kipimo cha sukari kina vijiti vyake, na kama wa zamu ya usiku anajua dozi, itakuwa imefanya jambo lisilogharimu hata bei ya tairi moja la gari la wagonjwa.

Na hapo panakuja habari ya gari lenyewe. Mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, umeleta faraja kubwa: kwa kupiga namba 115 bila malipo, mjamzito, mzazi aliyejifungua au mtoto mchanga hupatiwa usafiri, hata kwa dereva wa kijijini anayelipwa baadaye. Lakini mpango huo uliwalenga hao. Mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege si mchanga. Mwanafunzi wa darasa la pili mwenye siko seli aliyeanguka mstarini, au aliyeumwa na nyoka njiani, si mchanga. Zaidi ya hayo, msamaha wa malipo uliowekwa katika vituo vya umma baada ya uchangiaji kuanza mwaka 1993 ulimhusu mtoto wa chini ya miaka 5. Alipotimiza 5 aliingia katika hesabu ya wakubwa. Walimu ndio wanaokutana na kundi hili kila siku, na ndio wanaompakia mtoto kwenye bodaboda katikati ya mwalimu na dereva.

Madereva wapo, simu zipo, na namna ya kuwalipa imekwisha kujaribiwa. Kinachotakiwa ni halmashauri kukaa na kuamua kwamba utaratibu ule ule umchukue na mtoto aliyevuka siku 28, angalau kwa kuanzia na vijiji vya visiwani na vya bondeni.

Rufaa nayo isitegemewe mno. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa ilibaki kama kisiwa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo hakuna Muhimbili. Kuna Kivinje tu, na yule muuguzi wa zamu, na kilichomo kabatini mwake.

Bajeti za halmashauri huandaliwa mwanzoni mwa mwaka. Madiwani na watendaji watakapoifungua orodha ya vifaa vya hospitali, wahesabu kwanza vilivyo vidogo.