Land Cruiser ya zamani mjini Bunia: kabla ya kutoa dola, mnunuzi ajue itamfanyia kazi gani

Kila mara mradi wa shirika moja la misaada unapofungwa mjini Bunia, habari inatembea haraka kuliko tangazo lenyewe: kuna Land Cruiser zitauzwa. Wafanyabiashara wa soko kuu, wenye mashamba ya kakao kule Irumu na Mambasa, wachungaji wa makanisa, hata wanunuzi wa dhahabu wa Mongbwalu wanaanza kuulizana bei. Tangu Marekani ikate misaada yake ya inje mwaka 2025 na miradi mingi kufunga milango, swali hilo limepata uzito zaidi. Familia ngapi zimeweka pesa za likelemba, za kuuza ng'ombe au za kuuza kiwanja, zikisema jeep ya zamani itazizalia pesa? Kwa wengine imezaa kweli. Kwa wengine iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanataga mayai ndani.

Gari lenyewe linajulikana. Toyota ilitoa Land Cruiser ya aina ya 70 mwaka 1984, na tangu mwaka 1990 ikaiwekea injini yenye kuitwa 1HZ: silinda 6, lita 4.2, mazuti, bila turbo wala kompyuta. Ndiyo injini ambayo mafundi wa Bunia wanaifungua na kuifunga bila kusoma kitabu. Wenye kutafuta jeep wanataja namba kama vile watu wanataja majina ya watoto: HZJ75 kwa zile za miaka ya 1990, HZJ78 kwa ile ndefu yenye viti vya kutazamana nyuma, HZJ79 kwa pickup. Mashirika mengi yanazinunua kupitia kampuni moja ya Gibraltar, zinafika zikiwa nyeupe, na usukani uko kushoto kama sheria ya barabara za Congo inavyohitaji.

Nguvu kubwa ya jeep hii ni kwamba ni ya zamani lakini haijafa. Kiwanda kimeendelea kuuza kwa Afrika magari yenye injini hiyohiyo, kwa hiyo filta, pampu ya maji, bearing na mafleksibo ya breki vinapatikana Bunia, na kisichopatikana kinatoka Kampala, soko la Kisekka, kwa basi au lori. Land Rover ni habari nyingine. Kuna wazee ambao bado wanaipenda, na kweli ni gari la heshima: ilionekana mara ya kwanza mwaka 1948, na bodi yake ya aluminiamu haiozi haraka. Lakini shasi yake ni chuma, hiyo inaoza, na kiwanda cha Solihull kule Uingereza kilitoa Defender ya mwisho ya umbo lile tarehe 29 mwezi wa kwanza 2016. Mwenye kununua Land Rover ya zamani Bunia leo ananunua pia safari za kutafuta vipuri Kampala na Nairobi. Kama ana pesa za kuchezea, sawa. Kama anatafuta chombo cha kazi, aiache.

Sasa, kazi gani? Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kwa kuzunguka kati ya Mudzi-Pela, Lumumba na Nyakasanza, Land Cruiser ni hasara tupu. Kwa mizunguko hiyo pikipiki inatosha, na gari dogo linatosha zaidi mvua ikinyesha. Jeep hiyo katika hali nzuri inakula karibu lita 12 mpaka 15 kwa kilomita 100, na kwenye matope, gia ya chini ikiwa imeingia, hesabu hiyo inasahaulika. Bunia mpaka Mahagi ni karibu kilomita 180. Kwenda na kurudi, barabara ikiwa kavu, ni lita 50 za mazuti hivi. Mvua ikiwa imeharibu barabara, mtu asishangae akimaliza 70. Kabla ya kuuliza bei ya gari, mnunuzi aweke karatasini ni safari ngapi kwa mwezi, na abiria au mzigo gani utalipa lita hizo. Kama safari ni mbili kwa mwezi, ingekuwa bora akodi.

Inakotoa faida ni kule ambako gari lingine haliendi. Barabara ya Kasenyi, kwa mfano. Bunia iko kwenye urefu wa karibu mita 1 275 juu ya bahari, Ziwa Albert liko karibu mita 620. Tofauti hiyo yote barabara inaishuka baada ya Bogoro, na jeep yenye kurudi na samaki lazima iipande tena. Gari dogo linaweza kushuka siku ya jua. Kupanda likiwa na mzigo siku ya mvua ni maneno mengine. Vilevile Mongbwalu wakati wa mvua, na vijiji vya Djugu na Irumu ambako Fuso zinakwama siku mbili na kuziba njia. Mwenye kazi ya kudumu kwenye njia hizo ana sababu. Mganga mkuu wa eneo la afya ambaye lazima amfikishe mama mwenye uchungu hospitalini ana sababu kuliko wote, na ni aibu kwamba mara nyingi huyo ndiye anabaki na pikipiki wakati jeep zenye vioo vyeusi zinapaki mbele ya mahoteli.

Baada ya kazi zinakuja karatasi, na hapa mnunuzi wa Bunia anapaswa kuwa mkali bila haya. Jeep nyingi za mashirika ziliingia inchini bila kulipa ushuru wote wa duane, kwa sababu shirika lina ruhusa hiyo. Siku linapoliuza kwa mtu binafsi, ruhusa haimfuati mnunuzi: ushuru unadaiwa. Muuzaji akisema "mambo ya duane yatatengenezwa polepole", maana yake ni kwamba yatatengenezwa na mnunuzi, siku polisi au DGDA watakapoisimamisha. Njia nzuri ni moja tu: kwenda DGDA na karatasi za gari kabla ya kutoa pesa, kuuliza ni kiasi gani kinabaki, na kukitoa kiasi hicho kwenye bei ya muuzaji. Shirika linalouza vizuri lina barua ya kuuza, lina karatasi za kuingiza gari, na mara nyingi lina daftari la gari lenye kuonyesha kila vidanje na kila safari. Daftari hilo lina thamani kuliko rangi mpya.

Kisha namba ya shasi. Iko imegongwa kwenye chuma chenyewe cha shasi, upande wa mbele karibu na gurudumu. Ipanguswe matope, isomwe herufi kwa herufi, ilinganishwe na karte roze. Kama sehemu hiyo imechomelewa au imepakwa rangi juu, mazungumzo yaishie pale. Ituri inapakana na Uganda, na Sudan ya Kusini haiko mbali. Gari lililoibiwa kule linaweza kuwa na bei nzuri sana hapa, mpaka mwenyewe aje na askari.

Zile zenye kutoka Uganda zina shida nyingine, hata zikiwa safi. Kule wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, usukani uko kuume. Shofere wa gari hilo akitaka kuipita Fuso kwenye vumbi la barabara ya taifa namba 27, lazima atoe jeep yake yote inje ndipo aone kama kuna gari mbele. Watu wamezoea, wanamweka msaidizi kushoto awe macho yake. Kuzoea hatari hakuipunguzi. Uganda yenyewe ilikataza mwaka 2018 kuingizwa kwa magari yenye kupita miaka 15, na sheria za Congo juu ya magari ya okazio na ya usukani wa kuume lazima ziulizwe DGDA kabla, wala si kwa komisionere ambaye analipwa gari likiuzwa tu.

Kuhusu injini, kuna kosa moja ambalo wanunuzi wanalirudia: kwenda kuiona jeep saa sita, ikiwa imeshawashwa tangu asubuhi. Injini ya mazuti iliyochoka inaficha uchovu ikiwa ya moto. Mnunuzi afike saa kumi na mbili, aweke mkono juu ya kofia, asikie ni baridi, ndipo iwashwe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi unaweza kusamehewa. Moshi wa bluu wenye kuendelea ni oili inaungua ndani. Moshi mweusi sana unaweza kuwa filta ya hewa tu, au injekta, au pampu, na pampu ni pesa. Wakati injini inanguruma, kifuniko cha kuwekea oili kifunguliwe: kama upepo unapiga kwa nguvu na moshi, segimenti zimekwisha, na hiyo jeep inataka injini nyingine hata kama muuzaji anaapa kwa Biblia. Na mkanda wa ndani wa 1HZ unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100 000. Kama hakuna mtu anayejua ulibadilishwa lini, uhesabiwe haujabadilishwa.

Namba ya kilomita kwenye dashibodi isimdanganye mtu. Saa hiyo inatolewa na kuwekwa nyingine kwa muda wa kunywa chai. Bora kuangalia pedali, viti na usukani: mpira wa klachi ulioisha mpaka chuma hauendi pamoja na kilomita 90 000.

Chini ya gari ndiko kuna ukweli. Shasi ya nyuma, pale resori zinaposhikiliwa, ipigwe kwa nyundo ndogo, isikike mlio wa chuma na si wa kopo. Vifundo vya ekseli ya mbele viangaliwe kama grisi na oili zinavuja pamoja. Gia ya kuingiza magurudumu manne ijaribiwe kwenye matope ya kweli, si kwa maneno, kwa sababu kuna Land Cruiser mjini humu ambazo zimebaki na magurudumu mawili yenye nguvu na jina kubwa. Fundi wa kufanya kazi hiyo awe wa mnunuzi, alipwe na mnunuzi. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni shahidi wa muuzaji.

Hata baada ya yote hayo, linabaki jambo ambalo hakuna fundi anaweza kulitengeneza. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na barabara bado hazijawa salama kama ilivyoahidiwa. Tarehe 1 mwezi wa tisa mwaka huohuo, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na askari ulishambuliwa karibu na Ofay, kwenye njia ya Komanda kwenda Luna. Watu waliuawa, magari yakachomwa moto. Kwenye barabara ya Mahagi, makundi yenye silaha yamesimamisha na kupora wasafiri mara nyingi. Land Cruiser inapendwa na raia, na inapendwa pia na wenye bunduki, kwa sababu zilezile. Asiransi ya lazima inalipa hasara ambayo gari limefanya kwa wengine. Mwenye gari lililochomwa porini anarudi nyumbani na ufunguo. Kwa hiyo mtu ambaye jeep hiyo ndiyo mali yake yote, ambaye ikipotea watoto wanatoka shuleni, asiinunue peke yake. Waungane watatu au wanne wenye njia moja, waandike mkataba mbele ya mtu wa sheria, kila mmoja ajue sehemu yake ya faida na sehemu yake ya hasara. Ndugu wengi wa Bunia wameacha kusalimiana juu ya gari ambalo halikuandikwa.

Na pesa zisitoke zote. Yule mwenye kiasi kamili cha kununua jeep, bila senti ya ziada, bado hana pesa za jeep. Robo, au vizuri zaidi theluthi, ibaki kando kwa pine, mkanda, breki, resori, karatasi na miezi ya kwanza. Pine tano nzuri za matope peke yake zinaweza kushtua mtu.

Serikali nayo ina fungu lake katika hesabu hii. Kila lita ya mazuti yenye kupita mpakani kihalali inalipiwa FONER, mfuko wa kutunza barabara, na kwenye njia kuna peaji tena. Wakaaji wa Ituri wanalipa barabara mara mbili, halafu wanatafuta gari la miaka 30 lenye kuweza kupita pasipo barabara. Kama njia ya Mongbwalu na ya Kasenyi zingetengenezwa na kutunzwa, wengi wasingehitaji mazungumzo haya, na Land Cruiser zingebaki kwa hospitali na kwa wale wenye kuzipenda tu.

Kwa sasa, mwenye njia ya kudumu, fundi wake mwenyewe, karatasi safi na akiba kando, anunue. Hatapata gari lingine la kumfaa hivyo. Mvua za mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja ndizo wakati mzuri wa kuijaribu, kwani matope yako wazi na muuzaji hana pa kuficha. Kiangazi kikishaingia mwezi wa kumi na mbili kila jeep inapanda mlima wa Bogoro, na bei nayo inapanda pamoja nayo.